Sindano Ilikuwa Imeshatulia: Mhadhara Kuhusu Mwendo

Mwenyekiti, ahsante kwa utambulisho, ingawa umenipamba kuliko ninavyostahili. Ndugu zangu, mada niliyopewa ni pana mno: mwendo katika sanaa, katika sayansi na katika maisha ya binadamu. Mwenye busara angeomba apunguziwe mzigo. Mimi nimebeba yote matatu, na nawaonya mapema kwamba hilo la tatu litaambulia makombo.

Sitaanzia kwa Heraklito, yule mwanafalsafa wa Kigiriki aliyesema huwezi kuingia mto uleule mara mbili. Kila anayezungumzia mabadiliko huanzia mtoni, na wengi hawatoki humo mpaka wasikilizaji wamelowa. Mimi huanzia Geneva, mwaka 1825, katika vyumba viwili vilivyopakana. Walionisikia siku zilizopita watanisamehe. Kisa hiki nimekisimulia hadi rafiki zangu hukimalizia wao kabla yangu, na sitaacha kukisimulia, maana kila siku naona watu wazima wenye shahada zao wakikirudia kwa vitendo bila kujua.

Kulikuwa na kijana Mswisi, Jean-Daniel Colladon, umri miaka ishirini na kidogo. Miaka mitano kabla ya hapo Hans Christian Ørsted wa Denmaki alikuwa ameonyesha kwamba waya unaopitisha umeme unageuza sindano ya dira. Kwa hiyo umeme huzaa usumaku. Swali lililobaki, na ambalo kila mwenye maabara Ulaya alikuwa akilikunia kichwa, ni je, sumaku nayo inaweza kuzaa umeme?

Colladon akatengeneza koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, akaiunganisha na galvanomita, kile chombo chenye sindano ambayo hucheza mkondo wa umeme unapopita. Kisha akafanya jambo la akili. Alijua kwamba sumaku yenye nguvu ikiwekwa karibu na galvanomita itaivuta ile sindano moja kwa moja, bila umeme wowote kuhusika, naye atadhani amegundua kitu kumbe hakuna. Ili asidanganyike, alitumia nyaya ndefu na kuihamishia galvanomita chumba cha pili. Akaingiza sumaku ndani ya koili. Akatoka, akatembea mpaka chumba cha pili, akainama kutazama.

Sindano ilikuwa imeshatulia kwenye sifuri.

Mnaona kilichotokea? Sindano ilicheza. Ilicheza pale pale mkono wake ulipokuwa ukiisukuma sumaku. Ikaenda upande, ikarudi, ikatulia, na yote hayo yakaisha yeye akiwa bado yuko njiani, mguu mmoja chumba hiki na mmoja chumba kile. Jibu la swali lililokuwa likitafutwa na bara zima lilipita ndani ya nyaya zake mwenyewe, naye alikuwa anafungua mlango. Angekuwa na mtu mmoja tu wa kusimama kule na kumwambia "imecheza!", leo majina ya vipimo tunavyofundisha watoto yangekuwa mengine.

Najua kuna mtu anasema moyoni: huyo alikuwa mzembe, hakuwa na subira ya kazi. Hapana, bwana. Mwaka uliofuata, 1826, mtu huyuhuyu alipima mwendo wa sauti ndani ya maji ya ziwa la Geneva. Usiku, mashua mbili, umbali wa zaidi ya kilomita 13 baina yao. Kwenye moja, kengele ilipigwa chini ya maji na papo hapo baruti ikawashwa ili mwanga uonekane. Kwenye nyingine Colladon alikaa, sikio kwenye bomba lililozamishwa majini, saa mkononi, akihesabu tangu mwanga hadi mlio. Alipata mita 1,435 kwa sekunde. Vyombo vya leo, kwa maji yenye baridi kama ile, vinatofautiana naye kwa mita chache tu. Mtu anayeweza kukamata sekunde tisa na ushei juu ya mashua gizani si mzembe. Kama ni usahihi wa saa, alikuwa nao kuliko wengi wetu humu, hasa wale mlioingia nimeshaanza. (Kicheko.)

Kilichomponza ni imani. Aliamini kwamba umeme, ukizaliwa na sumaku, utakuwa hali: utakuwepo, utakaa, utamsubiri. Sumaku ipo ndani ya koili, basi na umeme uwepo ndani ya waya, kama kitu kilichowekwa juu ya meza ukirudi unakikuta. Na kama unaamini hivyo, kutembea kwenda chumba cha pili si kosa hata kidogo. Ni utaratibu mzuri kabisa wa kimaabara.

Michael Faraday, kule London, aliamini hivyohivyo kwa miaka. Alijaribu zaidi ya mara moja katika miaka ya 1820, akashindwa. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia koili upande huu na koili upande ule, moja akaiunganisha na betri, ya pili na chombo chenye sindano kilichokuwa mbele ya macho yake. Alipounganisha betri, sindano iliruka, ikayumbayumba, ikarudi mahali pake. Umeme ukaendelea kupita katika koili ya kwanza, imara, bila kukatika, na sindano haikujali. Alipokata betri, ikaruka tena.

Sasa hapa ndipo ninapomheshimu Faraday. Mtu mwingine angesema ule mruko ni mtikisiko wa meza, au ni hitilafu ya mwanzo, tusubiri mambo yatulie ndipo tupime. Ni mara ngapi mmesikia maneno hayo? "Tusubiri hali itulie." Faraday alikataa kusubiri. Aliufuatilia ule mruko. Mwezi Oktoba, tarehe 17, alichukua sumaku ya fimbo akaisukuma ndani ya koili: sindano ikaenda upande mmoja. Akaivuta nje: ikaenda upande wa pili. Akaiacha itulie ndani: hakuna kitu. Siku kumi na moja baadaye alizungusha sahani ya shaba nyekundu kati ya ncha za sumaku kubwa, na maadamu sahani ilizunguka, mkondo wa umeme haukukoma. Mitambo inayozungushwa na maji, mvuke au upepo ili itupe umeme ni watoto wa sahani ile. Sumaku iliyotulia haitoi umeme, hata uwe umeikalia miaka mia.

Na isingeweza kutoa. Hilo watu waliliona wazi baadaye kidogo, miaka ya 1840, kanuni ya hifadhi ya nishati ilipoeleweka: sumaku ingekuwa inatoa umeme ikiwa imelala tu, tungekuwa tunapata kitu bure, milele. Asili haina ukarimu wa namna hiyo. Lazima mkono usukume.

Nimekaa sana hapo, najua. Lakini kila nitakachosema kuanzia sasa kimo ndani ya vyumba vile viwili. Tuna mazoea ya kufika mambo yakiwa yameshatulia, tukaangalia, tukaandika sifuri, tukaondoka tumeridhika na usahihi wetu.

Tuwaache wanafizikia twende kwa wachoraji. Kuna farasi wengi huko, jiandaeni.

Mwaka 1821 Mfaransa Théodore Géricault alichora mashindano ya farasi ya Epsom, Uingereza. Picha yenyewe iko Louvre, Paris. Farasi wanne wanakata mbio chini ya mbingu iliyokunja uso. Miguu ya mbele imenyooshwa mbele kabisa, ya nyuma imenyooshwa nyuma kabisa, na hakuna kwato hata moja inayogusa majani. Wanapaa. Ukisimama mbele ya picha hiyo unahisi upepo.

Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kumi na mbili kando ya njia ya kukimbilia farasi, akatandaza nyuzi nyembamba kukatiza njia, ili mnyama akipita kila uzi ufyatue kamera yake. Aliyegharimia ni Leland Stanford, tajiri wa reli na gavana wa zamani. Mtaambiwa kulikuwa na dau la pesa nyingi, kama farasi akikimbia huinua kwato zote nne kwa pamoja au la. Hadithi hiyo inapendwa kwa sababu ni tamu, ushahidi wake ni mwembamba, tuiache. Picha zilipotoka zilionyesha kwamba kweli farasi huinua kwato zote nne kwa pamoja, lakini huinua zikiwa zimekunjwa chini ya tumbo. Ule mkao wa Géricault, miguu yote imenyooka mbele na nyuma, haupo. Katika mbio hakuna nukta hata moja ambapo farasi yuko hivyo.

Wachoraji wakaumbuka. Baadhi yao wakaanza kunakili picha za kamera, mguu kwa mguu. Na hapo likatokea jambo la kushangaza: farasi wao walikuwa sahihi kabisa, na hawakukimbia. Walionekana wameganda, mmoja amesimamia kwato moja kama anayeogopa kukanyaga tope.

Mchongaji Auguste Rodin alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911, na sijaona aliyelieleza vizuri zaidi. Alisema jicho lako halitazami picha ya Géricault yote kwa mpigo. Linaanzia nyuma, kwenye miguu inayosukuma ardhi. Linapita mgongoni, mwili unapojinyoosha. Linafika mbele, miguu inapoitafuta ardhi mpya. Hayo ni matukio matatu yanayofuatana, na Géricault ameyaweka kwenye turubai moja. Hayapatikani pamoja katika nukta moja ya wakati, lakini yote yamo katika mbio. Rodin mwenyewe alifanya hivyohivyo katika sanamu yake ya Yohana Mbatizaji. Angalieni miguu: yote miwili imekanyaga chini barabara. Mtu anayetembea akipigwa picha katikati ya hatua, kisigino cha nyuma kimeshainuka. Rodin amekikataza kuinuka. Mguu wa nyuma bado unasukuma, wa mbele umeshapokea uzito, na ukitembeza macho kutoka mmoja kwenda mwingine, ni wewe mtazamaji unayepiga hatua. Akahitimisha kwamba msanii ndiye mkweli na kamera ndiyo mwongo, kwa kuwa wakati hausimami.

Hapo mimi na Rodin tunaachana kidogo. Kamera haikusema uongo. Muybridge aliiuliza miguu iko wapi katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na kamera ikajibu hilo. Hakuna aliyeiuliza farasi anakimbiaje. Sisi ndio tuliopokea jibu la swali la kwanza tukalibandika kwenye swali la pili. Colladon pia alipata jibu sahihi: sindano, baada ya mtu kutoka chumba kimoja kwenda kingine, iko kwenye sifuri. Ni kweli tupu. Tena jibu sahihi la swali ambalo hukuliuliza ni hatari kuliko kosa, kwa sababu kosa utalishuku, ila hilo utalitetea kwa nguvu zako zote.

Nilitaka kusema mengi juu ya Étienne-Jules Marey, aliyemvisha mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kando ya viungo, akapiga hatua zake zote juu ya sahani moja ya picha, zikatoka kama feni iliyokunjuliwa. Na juu ya Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1912 alichora mtu akishuka ngazi kwa namna hiyo, watu wa New York wakamcheka mwaka uliofuata. Muda hauruhusu. Lazima niwafikie Wafuturisti, lile kundi la wasanii na waandishi wa Italia wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, maana nina ugomvi nao.

Kama Colladon ni mtu wa kosa la kwanza, la kufika mambo yameshatulia, Wafuturisti ni watu wa kosa la pili. Tarehe 20 Februari 1909 Filippo Tommaso Marinetti alichapisha tamko lao katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la Le Figaro la Paris. Walikuwa wamechoshwa na makumbusho, maktaba na kila kilichotulia. Sifa zao zote zilikwenda kwa mwendo, na hapo ningewapigia makofi. Ila mwendo wao ulikuwa na maana moja tu: kasi. Gari la mashindano, walitangaza, ni zuri kuliko ile sanamu ya kale ya Kigiriki ya Ushindi wa Samothrace. Na katika tamko hilohilo waliisifu vita, wakaiita usafi wa dunia.

Waliobaki hai walijionea usafi huo. Umberto Boccioni, aliyekuwa na kipaji kuliko wote kwa maoni yangu, alijiunga na jeshi, na mwaka 1916 aliangushwa na farasi mazoezini akafa, umri miaka 33. Géricault naye, yule wa Epsom, alikufa akiwa na miaka 32 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Ningekuwa mchoraji ningetembea kwa miguu. Marinetti mwenyewe aliishia kumuunga mkono Mussolini, dikteta wa Italia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini tazameni kazi ya Boccioni ya mwaka 1913, yule mtu anayepiga hatua, mwili wake ukifumuka kama ndimi za moto zinazopepea nyuma yake. Aliifanya kwa plasta. Ile ya shaba nyeusi tunayoijua ilimiminwa baada ya kifo chake, na Italia imeiweka kwenye sarafu yake ya senti 20 za euro. Ukimaliza kuitazama, nenda ukaitazame Ushindi wa Samothrace: mwanamke wa marumaru, hana kichwa, hana mikono, vazi limebanwa na upepo tumboni na kupeperuka nyuma ya mapaja. Ni ndugu wa damu. Ile sanamu iliyotukanwa mwaka 1909 ilikuwa imeshafanya, zaidi ya miaka elfu mbili kabla, kile Boccioni alichokitolea jasho. Imesimama tu, haina injini, na inakwenda.

Sikuja kuwahubiria haraka haina baraka. Methali hiyo mnayo. Nasema kitu kingine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndipo watu wengi huninukuu vibaya. Kasi unaipima kwa kuangalia umbali na saa. Mwendo ninaouzungumzia mimi mara nyingi hauonekani kwa nje hata chembe. Vitu vilivyotulia kuliko vyote ndivyo mara nyingi vinavyofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Chukueni jicho. Mnanitazama. Mnadhani macho yenu yametulia juu yangu. Hayajatulia, yanatetemeka na kuruka miruko midogo mno, muda wote, hata mkiyakazia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza na wa Marekani walitafuta njia ya kuifuta mitetemo hiyo: walimvisha mtu lenzi ya kubandika machoni na kufanya picha ifuate kila mtikisiko wa jicho, ili taswira ibaki palepale juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Baada ya sekunde chache picha ilififia, ikapotea. Jicho wazi, mwanga upo, na mtu haoni kitu. Ushahidi mwingine mnao sasa hivi: mbele ya seli zinazopokea mwanga ndani ya jicho kuna mishipa ya damu, na inatupa kivuli. Kivuli hicho hamkioni kwa sababu kinakwenda pamoja na jicho, hakibadiliki kamwe mahali pake. Kisichobadilika, jicho limekifuta. Kwa hiyo hata ule mlima usiosogea, unauona kwa sababu jicho lako linasogea.

Au mwili wenyewe. Hapa ningependa kumtaja mtu ambaye hatajwi inavyostahili. Rudolf Schoenheimer alikuwa mwanakemia wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani mwaka 1933, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Enzi zile wataalamu waliufikiria mwili wa mtu mzima kama injini: umejengwa ukaisha, chakula ni mafuta ya kuiendesha, kidogo kinafidia kilichochakaa. Schoenheimer na wenzake walichukua asidi amino, yaani tofali la kujengea protini, wakaitia alama kwa naitrojeni nzito, isotopu inayotambulika kwenye vipimo lakini ambayo mwili hauibagui. Wakawalisha panya wakubwa, ambao uzito wao hauongezeki wala haupungui. Kwa nadharia ya injini, alama yote ingetoka haraka kwenye mkojo, maana panya hajengi kitu.

Ndani ya siku chache, chini ya theluthi moja ilikuwa imetoka kwenye mkojo. Zaidi ya nusu ilikuwa imeshaingia katika protini za mwili: kwenye ini, kwenye utumbo, kwenye misuli. Uzito uleule, panya yuleyule, na ndani yake ujenzi na ubomoaji usiolala. Schoenheimer alifariki mwaka 1941, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Chembe nyekundu za damu yenu zinaishi kama siku 120. Mifupa, ambayo tunaichukulia kuwa ndiyo nguzo, inaliwa na kujengwa upya muda wote kulingana na uzito unaoibebesha. Wanaanga wanaokaa miezi angani, ambako mifupa ya nyonga na miguu haibebi kitu, huipunguza kwa takriban asilimia moja hadi moja na nusu kila mwezi. Mfupa uliopumzishwa haubaki kama ulivyokuwa. Unaondoka.

Naona mwenyekiti ameanza kuitazama saa, basi mengine nitayapitia mbiombio. Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara yanahama. Alifia Greenland mwaka 1930 bila wengi kumsadiki, na ilichukua mpaka miaka ya 1960 jiolojia ikubali. Mabara yanakwenda sentimita chache kwa mwaka, kadiri kucha zinavyokua. Albert Einstein mwaka 1917 aliona hesabu zake haziukubali ulimwengu uliotulia, akaongeza kipengele cha kuutuliza kwa nguvu. Alexander Friedmann mwaka 1922 na Georges Lemaître mwaka 1927 waliziacha hesabu ziseme zinachosema: ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi zinazotukimbia, na Einstein akakifuta kile kipengele. Na sasa, tangu 1998, kimerudi kwa kazi nyingine kabisa, kwa sababu ulimwengu si kwamba unatanuka tu, unazidisha mwendo. Hilo lina mhadhara wake.

Maisha ya binadamu, basi. Nimeyabakizia dakika chache, kama nilivyowaonya.

La kwanza: tunapimana kwa sindano iliyotulia. Alama za mtihani, cheti, cheo. Mwanafunzi aliyetoka mbali sana na mwanafunzi asiyeondoka alipokuwa wanaweza kukutana kwenye alama sitini, na karatasi ikawaona sawa. Kile kilichotokea kati ya Januari na Novemba, mahali umeme wenyewe ulipopita, hakuna aliyekuwa chumbani.

La pili ni lile neno "umebadilika", tunalolitoa kwa sauti ya kushtaki. Rafiki kabadilika. Mke kabadilika. Kiongozi kageuza kauli. Simtetei kigeugeu, kuna anayegeuka na upepo na kuna anayegeuka na ushahidi, na ukiwatazama kwa muda utawatofautisha. Ila nashangaa tunavyomsifu mtu kwa kusema "fulani hajabadilika hata kidogo, yuleyule wa miaka ishirini iliyopita." Kwa panya wa Schoenheimer hiyo ingekuwa taarifa ya kifo.

Na la tatu, kasi tena. Atanijibu mtu: ndiyo maana sisi tuko mbioni, ratiba imejaa, simu haipoi, sisi ndio wenye huo mwendo wako. Namjibu kwa Charles Darwin. Wazo la uteuzi asilia, kwamba viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaa, alikuwa nalo mwaka 1838. Alilichapisha kitabuni mwaka 1859. Katikati hapo, miaka minane mizima, kuanzia 1846 hadi 1854, alikaa nyumbani akichunguza viumbe vidogo vya baharini vinavyojibandika kwenye miamba na merikebu. Jirani aliyemchungulia dirishani angesema huyu mzee amekwama. Kumbe katika wale viumbe alikuwa akijifunza kwa macho yake jinsi aina moja inavyotofautiana na nyingine kidogo kidogo, na alipotoka humo hakuna aliyeweza kumwambia hajui wanyama anaowazungumzia. Huyo na mtu anayejibu ujumbe mia kwa siku, semeni wenyewe nani alisogea.

Uzee nauruka. Nilikuwa nimeuandalia kurasa kadhaa, samahani wazee wenzangu.

Nimalizie na pingamizi ambalo huwa linakuja kwenye maswali, nilijibu kabla halijaja. Mtu husema: kama kila kitu ndani yangu kinabomolewa na kujengwa, kinachobaki kuwa mimi ni nini? Na mwingine huongeza: tena si kila badiliko ni jema, saratani nayo ni seli zilizochangamka. Huyo wa pili nakubaliana naye moja kwa moja. Sijasema mwendo ni sifa. Nimesema ndipo mambo yanapotokea, mema na mabaya, na saratani ikikamatwa mapema ni kwa sababu mtu aliona kitu kikibadilika kabla hakijawa hali.

Kwa yule wa kwanza: katika panya kilichobaki ni mpangilio. Chembe zimeingia na kutoka, ini limebaki ini. Lakini mpangilio huo nao haukai bure. Ukiukatia ubongo oksijeni, ndani ya dakika chache unaanza kuharibika, ingawa chembe zake zote bado ziko palepale zilipokuwa, hakuna hata moja iliyoibiwa. Kinachouweka sawa ni kazi, muda wote, usingizini na ukiwa macho. Sasa mpangilio huo umeandikwa wapi, na kiasi gani cha ule unaoitwa "mimi" kimo ndani yake, hapo wanabiolojia na wanafalsafa hawajaacha kugombana, na mimi nina upande wangu ambao hauna wafuasi wengi. Ukitaka kuusikia, niulize. Naona mkono wa dada pale mbele, halafu mzee aliyeketi karibu na dirisha.